Kama Si Kweli, Ungeona Nini?

Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimewahi kuandikwa tangu vipimo vianze kuchukuliwa Jinja, Uganda. Rekodi ya mwaka 1964 ilikuwa mita 13.41 kwenye kipimo cha huko, na safari hii maji yakasoma 13.42. Upande wetu wa Kenya ufuo ulimezwa, kutoka Dunga hadi Port Victoria. Mabanda ya samaki yalisimama ndani ya maji, mashamba ya Budalang'i yakageuka madimbwi, watu wakahamia kambini na magodoro kichwani. Na popote walipokusanyika watu watatu, kauli ilikuwa moja: Uganda wamefunga mageti ya bwawa.

Kauli hiyo haikuwa ya kipuuzi, na ndiyo maana inafaa kuanza nayo. Bwawa lipo kweli. Lilikamilika mwaka 1954 na leo linaitwa Nalubaale, na baadaye likajengewa mwenzake, Kiira. Mto pekee unaotoka ziwani ni Nile, na maji yake yote hupitia hapo, kwa hiyo anayeshika mageti anaweza kulipandisha ziwa au kulishusha. Tena lawama ya aina hiyo ilishawahi kuwa na ukweli mkubwa. Mwaka 2004 na 2005 ziwa liliposhuka hadi mitumbwi ikakwama kwenye matope, mtaalamu wa maji Daniel Kull alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya upungufu ule ulitokana na maji kufunguliwa kupita kiasi Jinja, na ukame ukabeba sehemu iliyobaki. Mzee aliyeyaona hayo ana haki ya kuuliza kuhusu mageti.

Lakini jambo kuwezekana si sawa na jambo kutokea, na hoja nyingi dhaifu huishi katika nafasi iliyo kati ya hayo mawili. Hapa naomba msomaji ajizoeze swali moja, ambalo kwangu linafanya kazi kuliko orodha zote za makosa ya kimantiki zinazofundishwa darasani: kama dai hili si kweli, ningeona nini tofauti na hiki ninachokiona? Mwenye banda la samaki atalielewa upesi. Mizani inayosoma kilo tano ukiweka mbuta, na ikabaki kwenye kilo tano ukimwondoa, haipimi kitu. Ushahidi ambao ungeonekana vilevile, dai liwe kweli au liwe uongo, hauna uzito, hata kama wenyewe ni wa kweli na hata kama anayeusema analia.

Sasa tupime. Maji yamefika mlangoni kwako Port Victoria. Yangefika kama mageti yamefungwa, na yangefika vilevile kama mvua imezidi. Basi maji hayo, pamoja na uchungu wake wote, hayaamui kati ya maelezo mawili. Inabidi utafute mahali ambapo maelezo hayo yanaachana njia. Kama chanzo ni geti la Jinja, maziwa yasiyohusiana na Jinja yangebaki palepale. Hayakubaki. Miezi ileile Baringo lilimeza nyumba na shule, Naivasha na Nakuru yakapanuka, Tanganyika nalo likapanda. Hakuna geti la Jinja linaloweza kujaza Baringo. Mvua zilizoanza Oktoba 2019 zilikuwa kubwa kupita kawaida, na karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayoliangukia ziwa lenyewe, si maji ya mito. Rekodi za Jinja nazo zilionyesha maji yanayotolewa yakiongezwa.

Mwaka 2005 swali hilohilo lilileta jibu jingine. Ukame ungelishusha ziwa, na mageti yaliyoachwa wazi yangelishusha vilevile. Mahali pa kuachana palikuwa kwenye vitabu vya bwawa. Yapo makubaliano ya zamani yanayotaka Jinja itoe maji kwa kiasi ambacho mto ungetoa wenyewe kama bwawa lisingekuwepo. Ukilinganisha kiasi kilichopaswa kutoka na kiasi kilichotoka, tofauti ilionekana waziwazi. Kwa hiyo mtu aliyelaumu bwawa mwaka 2005 na akalilaumu tena mwaka 2020 alitamka sentensi ileile mara mbili, lakini mara ya kwanza alikuwa na hoja nzito na mara ya pili alikuwa na kumbukumbu tu. Bado anaweza kudai kwamba Uganda ingefungua zaidi, na mapema zaidi. Hilo ni dai jingine, dogo kuliko la kwanza, na lina ushahidi wake wa kutafutwa. Kulichanganya na la kwanza ni kulipa la kwanza uzito lisilostahili.

Nimesema mengi juu ya ushahidi kabla ya kugusa umbo la hoja, yaani jinsi sentensi moja inavyoizaa nyingine. Wakazi wa Budalang'i wana mfano wao kila msimu. Mto Nzoia hutoka mbali, kwenye vilima vya Cherang'any na miteremko ya Mlima Elgon. Tuchukue kwamba ni kweli: mvua kubwa ikinyesha huko juu, Nzoia hujaa huku chini. Kutokana na hilo mambo mawili yanafuata bila ubishi. Ukipata simu kutoka Kitale kwamba mvua haikukatika usiku kucha, tarajia mto kujaa. Na mto usipojaa, basi mvua kubwa haikunyesha huko juu.

Kuna mengine mawili yanayofanana na hayo kwa sura na hayafuati kabisa. La kwanza: Nzoia imefurika, kwa hiyo mvua imenyesha juu. Huenda, lakini tuta linaweza kubomoka kwa udongo kulegea, na ziwa likiwa juu kama mwaka 2020 linarudisha maji mdomoni mwa mto. La pili: mvua haijanyesha huko juu, kwa hiyo mafuriko hayaji. Hili ni la hatari zaidi, kwa sababu watu hulitumia kuamua kama walale au wahamishe watoto. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, na ni kweli kwa mvua ya kukuangukia kichwani. Mafuriko ya Budalang'i yanaweza kukukuta chini ya anga jeupe lenye nyota, hata huko juu nako kukiwa kukavu, tuta likibomoka au ziwa likirudisha maji.

Ukisikia hoja yenye "ikiwa hivi, basi vile", iandike hata kwenye kiganja na uangalie inaendeshwa kuelekea upande gani. Hoja ya kutoka chanzo kwenda matokeo ina nguvu kama sentensi yake ya kwanza ni ya kweli. Hoja ya kutoka matokeo yaliyoonekana kurudi kwenye chanzo ina nguvu pale tu vyanzo vingine vimeshaondolewa. Huwezi kuviondoa usipovitaja, na hapo ndipo uvivu wetu ulipo: tukishapata maelezo ya kwanza yanayotosheleza moyo, tunaacha kutafuta ya pili.

Kisa kinachonisaidia kuliko vyote katika hili ni cha gugu maji. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaingia upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika karibu hekta 17,000 za maji ya Kenya, nyingi ndani ya Ghuba ya Winam. Aliyeiona bandari ya Kisumu wakati huo hatasahau: meli zimekwama, mtu angedhani anaweza kutembea kwa miguu kutoka gatini, wavuvi wanasukuma mitumbwi kwa upondo ndani ya majani. Kabla ya hapo, mwaka 1997, watafiti wa kilimo wa Kenya walikuwa wameachilia ziwani fukusi wa aina mbili wenye asili ya Amerika ya Kusini, wadudu wadogo wanaotafuna majani ya gugu hilo huku mabuu yao yakitoboa mashina. Miaka michache baadaye gugu likapukutika. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya ghuba ilikuwa maji matupu.

Fukusi waliachiliwa, gugu likaisha. Kwa hiyo fukusi ndio waliolimaliza. Hoja hiyo ni nzuri au mbaya? Wengi watasema nzuri, kwa sababu wanajua tayari kwamba wadudu hao hula gugu maji. Lakini kati ya kuachiliwa kwa fukusi na kuisha kwa gugu kulipita El Niño ya 1997 na 1998, yenye mvua, mawimbi, ziwa kupanda na wiki nyingi za mawingu. Mwaka 2005 Williams na wenzake waliandika katika jarida la Aquatic Botany kwamba uhaba wa mwanga katika kipindi kile cha mawingu, pamoja na misukosuko mingine ya hali ya hewa, ulichangia sana kuua gugu, na kwamba fukusi wanapewa sifa isiyo yao yote. Mwaka 2007 Wilson na wenzake wakawajibu katika jarida hilohilo kwamba waliolimaliza gugu ni fukusi.

Tazama walivyobishana. Hawakuulizana nani ana shahada kubwa, wala nani analipwa na nani. Waliulizana mahali maelezo yao yanapoachana. Kama ni mawingu ya El Niño, gugu lingepaswa kudhoofika kote kwa wakati mmoja, na sehemu zilizokuwa na fukusi lakini hazikupata El Niño zisingeona mabadiliko. Kama ni fukusi, gugu lingekuwa na makovu ya kutafunwa kabla ya kuzama, lingepungua miaka kadhaa baada ya wadudu kuachiliwa popote pale duniani, na Mto Sepik wa Papua New Guinea ungetoa ushahidi sawa na wa Winam. Sepik ulitoa ushahidi huo: huko nako fukusi walifuta gugu. Mimi naona upande wa fukusi una uzito zaidi kwa sababu hiyo, na kwa sababu mvua kubwa kwa kawaida hushusha mbolea kutoka mashambani, nayo mbolea hulinenepesha gugu. Mvua za mwishoni mwa 2006 zilifuatwa na gugu kurudi kwa nguvu. Ila siwezi kusema hali ya hewa haikuchangia chochote. Hoja ya Williams haikuwa dhaifu. Ililazimisha upande wa pili kuleta ushahidi ambao kabla ya hapo haukuwa umewekwa mezani. Mshindani wa namna hiyo anakufaa kuliko rafiki kumi wanaotikisa kichwa.

Ndugu msomaji, ukitoka na kitu kimoja katika kisa hiki, kiwe hiki: mambo mawili kufuatana ni sababu ya kuanza kuuliza. Mjumbe akichaguliwa na bei ya omena ikapanda mwezi uleule, usimpe sifa wala lawama kabla hujaangalia kalenda. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Hata nje ya msimu huo, mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti omena vizuri kwa kuwa ziwa zima lina mwanga, mzigo unapungua na bei inapanda. Mbalamwezi haikupiga kura.

Upo ushahidi mzito kuliko huo wa kulinganisha, na Kisumu ni mojawapo ya miji michache duniani ambako uliwahi kutafutwa kwa uangalifu mkubwa juu ya jambo linalogusa kila nyumba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikuwa wameona kwamba jamii zenye desturi ya kutahiri wanaume zilikuwa na maambukizi machache ya virusi vya Ukimwi kuliko jamii zisizotahiri. Kando ya ziwa tofauti hiyo ilisemwa hadharani, na mara nyingi kwa kejeli dhidi ya Wajaluo, ambao kwa mila hawatahiri. Je, ilikuwa hoja nzito kwamba tohara inakinga?

Haikuwa, kwa wakati ule. Jamii mbili hazitofautiani kwa tohara pekee. Zinatofautiana kwa kazi, kwa umbali kutoka barabara kuu na fuo za uvuvi, kwa desturi za ndoa na za kurithi wajane, kwa dini, kwa pombe. Yoyote kati ya hayo yangeweza kuleta tofauti ileile. Aliyesema "watazameni wao, watazameni ninyi" alikuwa anaonyesha kilo tano kwenye mizani ile mbovu. Kwamba baadaye alithibitika kuwa karibu na ukweli hakufanyi hoja yake ya siku ile kuwa nzuri. Mtu anaweza kufika mahali sahihi kwa njia mbovu, na kesho njia hiyohiyo imtumbukize shimoni.

Kilichofanyika Kisumu ni hiki. Watafiti wakiongozwa na Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago, pamoja na Jeckoniah Ndinya-Achola wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao, waliandikisha vijana 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, kuanzia 2002 hadi 2005, wote wasiotahiriwa, wote wasio na virusi, wote waliokubali. Kisha kura ikaamua nani atahiriwe mara moja na nani asubiri. Kura ndiyo siri yote. Haijui nani mlevi na nani mcha Mungu, nani anashinda ufukweni na nani yuko chuoni. Kwa hiyo walevi, wacha Mungu, wavuvi na wanafunzi waligawanyika karibu sawa pande zote mbili, na jambo moja tu likabaki kuwatofautisha. Wote walipewa ushauri uleule na kondomu zilezile. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa wazi: waliotahiriwa walioambukizwa walikuwa 22, na wasiotahiriwa 47. Hatari ilipungua kwa zaidi ya nusu kidogo. Jaribio la Orange Farm, Afrika Kusini, lilikuwa limeshapata jibu la kufanana, na la Rakai, Uganda, nalo likalipata.

Turudi kwenye swali letu. Kama tohara haikingi, ungetarajia idadi zinazokaribiana pande zote. Kupata 22 kwa 47, na kupata karibu hivyohivyo katika nchi nyingine mbili, ni jambo ambalo ni vigumu sana kuliona kama dai ni la uongo. Huo ndio uzito.

Hapohapo, jifunze kusoma hoja nzito bila kuivuta izidi urefu wake. Vijana 22 waliotahiriwa waliambukizwa. Anayesema "mimi nimetahiriwa, sipati" ameshika ushahidi bora kabisa na kulifikia hitimisho la uongo. Jaribio lilihusu mwanaume kupata virusi kutoka kwa mwanamke; halikusema kwamba mke wa aliyetahiriwa yuko salama. Kila unaposoma matokeo ya utafiti gazetini, weka kidole kwenye neno la hitimisho: limesema "hupunguza" au "huzuia"? Limesema "vijana wa Kisumu wa umri huu" au "watu"? Mwandishi wa habari na mwanasiasa huongeza urefu wa hitimisho bila kuongeza ushahidi, na mara nyingi hawajui kama wamefanya hivyo.

Serikali ilipoanza mpango wa tohara ya hiari Nyanza mwaka 2008, baadhi ya wazee wa Kijaluo walipinga, wakisema hiyo si mila yetu. Wasomi wa mjini waliwacheka. Mimi nadhani waliowacheka walikosa adabu na walikosa mantiki pia. Mzee aliyesema "si mila yetu" hakuwa anajibu swali la kama tohara inapunguza maambukizi. Alikuwa anajibu swali la nani ana haki ya kubadilisha alama ya utambulisho wa jamii, na kwa utaratibu gani. Hayo ni maswali mawili, kila moja lina hoja zake nzito na zake dhaifu, na takwimu za swali la kwanza haziwezi kulimaliza la pili. Mpango ulisonga mbele baada ya wazee kuitwa vikaoni na kusikilizwa, na baada ya viongozi kama Raila Odinga kuuunga mkono hadharani kwa msingi wa afya. Kabla hujasema hoja ya mwenzako ni dhaifu, hakikisha unajua inajibu swali gani.

Yapo mengine ambayo sitayakawilia. Mvuvi anaposema omena wameisha ziwani, muulize ziwa lipi: Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na kinachoonekana kutoka Usenge au Port Victoria huenda kisionekane Mwanza. Anaposema mbuta ndiye aliyemaliza fulu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, yuko karibu na ukweli. Samaki huyo aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na fulu wakapungua vibaya alipoongezeka miaka ya 1980. Lakini nyavu zenye matundu madogo zilikuwepo, na maji yalikuwa yakichafuka. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yenye ukungu huwafanya fulu washindwe kutambuana kwa rangi, na aina zao zikachanganyika. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Methali yenyewe, hata hivyo, isikulaghai. Nimetumia hiyo ya papa kwa sababu inapamba jambo lililokwisha kuthibitishwa kwa njia nyingine. Ikitumika peke yake kama uthibitisho haifai, kwa kuwa lugha yetu ina methali ya kila upande. Anayetaka kamati iamue leo atakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayetaka iahirishwe atakwambia haraka haraka haina baraka. Na ukumbi utapiga makofi mara zote mbili. Nimekaa kwenye mikutano ya ufukweni ambako msemaji mwenye methali nzuri alishinda, na daftari la mapato lililokuwa mezani halikufunguliwa. Makofi yakiisha, muulize: tukiacha methali pembeni, kilichobaki ni nini?

Vilevile historia ya "ingekuwa". Hapa Port Victoria utaambiwa kwamba reli ingefika hapa, leo tungekuwa jiji kama Kisumu. Ni kweli kwamba wapimaji wa njia ya reli mwanzoni mwa miaka ya 1890 waliilenga Ghuba ya Berkeley, jirani na hapa, na kwamba mwishowe reli ikafika Kisumu Desemba 1901. Lakini reli pekee haikutosha: Butere ilipata tawi lake karibu mwaka 1930 na haikuwa jiji. Labda bandari na reli pamoja, labda makao ya utawala pia. Anayetaja Kisumu bila kutaja Butere amechagua mfano uliomfurahisha.

Na namna ya kuuliza ina maana yake. Katika baraza la kijiji, ukimwambia mzee mbele ya watu kwamba hoja yake haina mantiki, umeua mazungumzo, na hata ukiwa sahihi hakuna atakayekusikiliza. Sema: "Mzee wangu, naomba nielewe. Tuseme mageti hayakufungwa. Tungeona nini kingine?" Au: "Mama, umesema maji yalianza kubadilika baada ya kiwanda kufunguliwa. Kuna anayekumbuka yalikuwaje mwaka uliotangulia?" Swali la namna hiyo linampa nafasi ya kuleta ushahidi alionao, na mara nyingi anao, ila hakuwa ameombwa. Jiulize wewe mwenyewe swali hilohilo kwanza, tena kwa sauti, hasa kuhusu dai linalokupendeza. Dai linalotuudhi tunalikagua wenyewe bila kusukumwa. Linalotupendeza hupita bila hata kusimamishwa mlangoni.

Kuna mzozo mmoja ambao najua utarudi, na ningependa utakaporudi tuwe tumejiandaa. Ufugaji wa ngege kwenye vizimba umeenea Ghuba ya Winam na kwingineko kando ya ziwa, na zaidi ya mara moja wafugaji wameamka na kukuta samaki wao wakielea tumbo juu, maelfu kwa maelfu, mkopo wa benki ukiwa bado mbichi. Siku hiyohiyo hoja huwa mbili. Wafugaji husema maji yametiwa sumu na viwanda au mifereji ya mji. Wataalamu mara nyingi husema hewa ya oksijeni imepungua majini, pengine kwa upepo kuyapandisha juu maji mazito ya chini. Kila upande huonyesha samaki waliokufa, na samaki waliokufa wangekuwepo kwa maelezo yote mawili.

Maelezo hayo yanaachana kwenye mambo madogo yanayopotea haraka. Oksijeni ikipungua, vifo mara nyingi hutokea usiku wa manane hadi alfajiri, samaki huonekana wakihema juu ya maji kabla ya kufa, na wakubwa hutangulia. Sumu haichagui saa; wadogo ndio hufa kwanza, na samaki wa nje ya vizimba nao huathirika, zaidi karibu na mahali uchafu unapoingilia. Kwa hiyo mlinzi wa vizimba aandike saa aliyoona samaki wa kwanza akihema, na ukubwa wake, na kama nje ya wavu kuna waliokufa, na upepo ulitoka wapi usiku huo. Maji yachotwe kwenye chupa safi kando ya kizimba, chupa ya pili ichotwe mbali kidogo, kila moja iandikwe saa na mahali. Samaki watatu au wanne wanaopumua kwa shida, si waliooza, wawekwe kwenye barafu na kupelekwa siku hiyohiyo kwa watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walioko Kisumu. Haya yote yafanyike kabla vizimba havijasafishwa na mizoga kuzikwa, na nakala ya maandishi ibaki kwa katibu wa ufuo, ili kikao kitakapoitishwa wiki inayofuata pawe na kitu cha kusoma kabla ya mtu yeyote kusimama kuhutubia.